Sindano Uliyoikimbia Alhamisi

Mwanangu Zuhura,

Salamu nakupa kwa sababu ni wajibu wangu, si kwa sababu leo ninayo hamu nayo. Nimekasirika. Naandika hapa dukani kwangu Biryogo, kando ya cherehani, ubao mmoja wa mlango nimeufunga na mwingine nimeuacha wazi ili mwanga wa alasiri uingie, na kule uani nawasikia mama yako na shangazi zako wakimenya ndizi na kukuimbia. Kesho unapelekwa kwa mumeo Cyangugu. Kila anayepita barabarani anaingiza kichwa na kunipongeza, na mimi naitikia, meno nayaonyesha, huku ndani nawaka.

Mengine yote utaambiwa na mama yako: namna ya kukaa na mama mkwe, namna ya kukaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, nguo ipi ivaliwe siku ipi. Mimi ninalo moja tu. Alhamisi ilikuwa siku ya sindano yako. Mama Konsolata, muuguzi aliyekuchoma miaka yote hii, alikungoja pale zahanati mpaka wenzake wakaondoka, na wewe ulikuwa umeenda kupakwa hina. Nilipokuuliza ulinitazama usoni, mikono umeiinua juu ili hina isiharibike, ukasema, "Papa, sindano imetosha. Miye sasa niko muke ya mutu. Kule Cyangugu hapana mutu atajua kama miye iko mugonjwa."

Sikukujibu. Nyumba ilikuwa imejaa wageni na mama yako alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Tangu Alhamisi tunapishana koridoni mimi na wewe bila kusemezana, nyumba ya watu wawili walionuniana katikati ya ngoma. Basi sasa nakujibu, na utanisoma mpaka mwisho, kwa sababu karatasi hakuna awezaye kuikonyeza inyamaze.

Unajua hadithi ya ugonjwa wako vipande vipande, hiki ulichosimuliwa na mama yako, kile ulichosikia kwa majirani. Hakuna aliyekupa yote kwa mfululizo. Wote tulikuwa tunaona haya.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulirudi shuleni na mvua, umelowa, koo linakuuma hata mate humezi. Nilikupapasa chini ya taya nikakuta matezi yamevimba kila upande, na ulipiga kelele nilipoyagusa. Mimi nikadhani matezi ndiyo ugonjwa. Siku hizo sikujua kitu, Zuhura. Nilijua kupima kiuno cha mtu kwa macho, nilijua koti la karani wa wizara kule Kacyiru linataka kitambaa kiasi gani, lakini mwili wenyewe uliomo ndani ya koti sikuujua kabisa, na haikunisumbua.

Matezi yale yalikuwa kazini. Damu inapofika kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko uzi wangu wowote, maji yake kidogo huvuja na kulowesha nyama. Hayo maji hayawezi kubaki pale, lazima yarudi. Yana mishipa yake ya pekee, tofauti na ya damu, na hayana moyo wa kuyasukuma. Husogea mtu anapotembea, anapopumua, anaponyanyua mguu. Mimi ninapokanyaga cherehani kutwa nzima, kumbe nayapandisha maji hayo kutoka miguuni. Yanapanda hivyo mpaka hapa chini ya mtulinga, na hapo yanarudishwa ndani ya damu. Lakini njiani hupitishwa kwenye matezi, ya nyonga, ya kwapa, ya shingo, na ndani ya kila tezi wamo askari wa mwili wanaokagua kila kinachopita. Wadudu walikuwa wameingia kooni mwako. Matezi yakawakamata baadhi yao, yakaita askari wengine, yakavimba kwa wingi wa kazi. Yalikuwa yanatupigia mbiu, na sisi hatukuwa na habari.

Bibi yako, mama yangu, alikuambia ufungue mdomo. Akaangalia, akasema kimeo kimerefuka, ile nyama inayoning'inia nyuma ya koo. Unajua babu yake alitoka pwani pamoja na misafara ya biashara, na kimeo walikuja nacho kutoka huko, kama walivyokuja na pilau. Nikatumaini majirani wa hapa watasema vingine. Jirani yetu mzee akaja, Mnyarwanda wa hapa hapa, akachungulia koo lako, akasema hiyo ni ikirimi, jina lao la kimeo hicho hicho, ikatwe. Pande mbili za damu yako hazijawahi kukubaliana hata juu ya chumvi kwenye maharage, lakini juu ya kukata nyama ya kooni mwa mtoto walikubaliana mara moja. Mpaka leo nikikumbuka natamani kuwafukuza wote uani, walio hai na waliokufa.

Wakamleta mama mmoja kutoka mlima wa Gisozi, mwenye kisu kidogo kilichopinda. Hakuwa mtu mbaya. Alinawa mikono, akakutazama kwa huruma, akaniambia, "Shika kichwa yake nguvu. Tukimaliza, mutoto atarala vizuri." Nikakishika kichwa chako. Mikono hii hii inayokuandikia. Ulitema damu kwenye beseni ile ya bluu, na ulinitazama mimi, hukumtazama yule mama wala bibi yako.

Na unajua kilichoniua hasa? Ulipona. Siku chache tu koo likatulia, homa ikashuka, matezi yakanywea, ukaanza kudai maandazi. Bibi yako akazunguka mtaa mzima akijisifu. Mimi nilimshonea yule mama wa Gisozi gauni la kitenge, tena lenye mikono iliyovimba mabegani, na wateja waliokuja kupima suruali niliwaambia, kama mtoto wako anaumwa koo, mimi najua pa kukupeleka. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa sauti, hapa hapa penye meza.

Koo lile lingepoa lenyewe, kimeo kikatwe kisikatwe. Kimeo hakikuwa na kosa lolote. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya juu unapomeza, chai isipande puani, na ndiyo maana mpaka leo ukicheka na kikombe mdomoni unatuchekesha sote. Lakini ili wadudu waishe ilihitajika penisilini, na zahanati ilikuwepo, mwendo wa kuteremka tu, hata jasho lisingekutoka. Wakati sisi tunasherehekea, jambo la pili lilikuwa limeshaanza ndani yako.

Wiki chache zikapita. Goti la kulia likavimba, likawa la moto. Lilipotulia likavimba la kushoto, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono. Bibi yako akakukanda kwa mafuta ya ng'ombe, akasema ni mifupa inarefuka. Mwalimu wa madrasa akakusomea. Ukalala kitandani kwa muda mrefu, ukakonda, kisha uvimbe nao ukaondoka wenyewe na ukarudi kuruka kamba. Tukamshukuru Mungu tukasahau. Mimi nilisahau kabisa.

Mama Konsolata ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, na alipoona sielewi alinitafutia mfano kwenye kazi yangu. Aliniuliza, ukishona sare za matarishi wa wizara, halafu mwizi akashona sare ya kitambaa hicho hicho, polisi wakiambiwa wamkamate kila aliyevaa sare ile itakuwaje? Nikamwambia watawakamata na matarishi. Akasema ndivyo ilivyo. Wadudu wale wa kooni wamevaa kitu kinachofanana na kitambaa cha viungo vyako na kitambaa cha milango ya moyo wako. Askari wa mwili walifundishwa kuwakamata wadudu, wadudu wakaisha, nao wakaendelea kukamata. Wakayapiga magoti, yakavimba, yakapona. Wakaupiga na moyo. Magoti husamehe, akasema, moyo hausamehe.

Ulipofika miaka kumi na miwili ukaanza kukohoa ukilala. Ukawa unaweka mito miwili, kisha unalala umekaa ukutani. Miguu ikivimba jioni, mama yako akidhani ni viatu. Siku moja ulitumwa sokoni, wakati wa kupanda kurudi ukakaa chini kando ya barabara na hukuweza kunyanyuka, midomo imekuwa ya kijivu, unatema mapovu yenye rangi ya waridi. Niliitwa mbio, nikakubeba mgongoni mpaka hospitali kuu na njia nzima nilisikia kifua chako kinachemka sikioni mwangu. Daktari akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda, akauliza kwa Kifaransa kama uliwahi kuumwa koo, kisha viungo. Bibi yako, maskini, aliyekuwa ametufuata, akamjibu kwa fahari kwamba kimeo tulishakukata. Daktari alipotafsiriwa aliinamia karatasi yake akaandika.

Bibi yako ameshafariki. Namkasirikia na ninamwombea, yote katika siku moja, na sioni kama vinagombana. Alikupenda kuliko alivyonipenda mimi. Ila kupenda kulimfanya awe na haraka, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke na duka, nikamwachia aamue kwa sababu ilikuwa rahisi kumtii mama kuliko kufikiri.

Tulipotoka hospitali na dawa za kukojoza maji na sindano ya kila mwezi, niliona aibu kwamba nimeambiwa jina la ugonjwa na silielewi. Ikaja Idd ya kuchinja. Unaikumbuka Idd ile, usijifanye. Tulichinja mbuzi, nikawaambia nyama gawaneni, mimi nipeni moyo na mapafu. Mama yako alinifokea nilipochukua mkasi wangu wa kazi, alisema nitaunajisi na wateja watasikia harufu. Wewe ulichuchumaa karibu yangu. Nikaanza na mapafu. Niliweka mdomo kwenye lile bomba gumu la hewa nikapuliza, yakanyanyuka, yakawa mepesi, ya waridi, ukacheka mpaka ukakohoa. Nilikuonyesha kwamba bomba linagawanyika, kisha linagawanyika tena, mpaka linaishia kwenye vifuko vidogo ambavyo hata jicho halivioni. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu. Hewa safi inavuka ukuta mwembamba kuingia kwenye damu, hewa chafu inavuka kutoka, na unaipumulia nje. Hicho ndicho kinachofanyika kila unapovuta pumzi, hata sasa unaposoma.

Kisha nikaukata moyo. Vyumba vinne. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini kote na kuisukuma kwenye mapafu, haifiki mbali. Mapafu yanaisafisha na kuirudisha upande wa kushoto, kwanza chumba cha juu, kisha inapita mlango kuingia chumba cha chini. Hicho cha chini ndicho chenye ukuta mnene, kwa sababu ndicho kinachoisukuma damu mpaka kwenye kidole cha mguu na utosini. Nilikuonyesha ule mlango wenyewe. Pazia mbili nyembamba, na nyuzi nyeupe zimezishika kutoka chini ili zisipinduke damu inaposukumwa. Ulizigusa kwa ncha ya kidole. Ukaniuliza, "Papa, yangu ndiyo imeharibika hii?"

Nikakuambia ndiyo. Mlango wako uliungua ulipokuwa na miaka tisa, na ulipopona ulipona vibaya, pazia zikashikana pembeni na kuwa ngumu. Haufunguki wote. Damu inayotoka mapafuni inafika mlangoni na kukuta nafasi ndogo, inasubiri, inajazana nyuma mpaka ndani ya mapafu. Ikizidi, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa. Ile mishipa ya maji niliyokueleza inajitahidi kuyanyonya na kuyaondoa, inafanya kazi mara nyingi zaidi kuliko ya mapafu ya mtu mwingine, na unapokuwa mzima unaona hakuna kitu. Ikielemewa, maji yanaingia kwenye vifuko vya hewa. Hapo ndipo unapokohoa ukilala. Hapo ndipo mito miwili.

Sasa nieleze, wewe msomi uliyemaliza sekondari. Uligusa mlango kwa kidole chako mwenyewe, na bado unaniambia imetosha?

Utaniambia umejisikia mzima miaka yote. Sindano ndiyo iliyokufanya ujisikie mzima! Sindano hairekebishi mlango, hilo tuliambiwa tangu siku ya kwanza na sikukuficha. Inazuia wadudu wa koo wasipate nafasi tena. Wakirudi, askari wako wanawakumbuka, watatoka tena, na safari hii watakuta mlango ambao tayari umeshikana. Kila koo jipya litaushona zaidi. Utaumwa koo Cyangugu siku moja ya baridi, utanywa chai ya tangawizi, siku chache litapoa, utajipongeza kama nilivyojipongeza mimi. Ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki. Nakuona unashika kisu kile kile, sasa kwa mkono wako.

Na usiniambie kwamba huchoki. Unafikiri sikuoni? Ukitoka mjini kupanda huku Biryogo, unapofika pale penye kona unainama kufunga kamba ya kiatu. Wiki iliyopita ulikuwa umevaa ndala.

Kuna neno jingine, na hili si neno la baba kumwambia binti yake, ni la shangazi. Nilimwomba shangazi yako akuambie, akasema hawezi, siku ya furaha isichafuliwe. Basi nalichafua mimi. Mwanamke akiwa na mimba damu yake inaongezeka, karibu nusu ya aliyonayo, na yote hiyo itapita kwenye mlango wako mmoja uliobana. Daktari hakukukataza kuolewa wala kuzaa. Alisema ni lazima daktari ajue tangu mwanzo, akufuatilie, ujifungulie hospitali, na wenye nyumba wajue kwamba hubebi maji wala hupandi kilima na mzigo. Wenye nyumba wajue. Utawaficha vipi watu wanaokula na wewe sahani moja? Mama mkwe ataona umekaa chini penye kilima, atasema binti wa Kigali ni mvivu. Utajikaza usiitwe mvivu. Nakujua. Utajikaza mpaka uanguke.

Na hapa hasira yangu inanigeukia mimi mwenyewe. Siku ya nikaha mimi ndiye niliyekuwa walii wako. Ami wa mumeo Yusufu alikaa mbele yangu, mtu mstaarabu, kanzu yake niliishona mimi. Kabla ya kuandikisha akaniuliza kama desturi inavyotaka, je, binti ana jambo lolote tunalopaswa kulijua. Mama yako alikuwa amenisihi usiku mzima wa kuamkia. Wewe ulikuwa umenitumia ujumbe kwa mdomo wa shangazi, kwamba nikisema utaondoka nyumbani kwangu na hutarudi. Nikaangalia mkeka. Nikasema, "Ni mtoto mzuri." Ami yake akatikisa kichwa akaridhika, na wote wakasema amina. Niliulizwa swali la ugonjwa nikajibu la tabia, nikidhani nimekwepa uongo. Tangu siku ile mate yananikauka ninaposali.

Nilimwachia mama yangu kichwa chako, kisha nikakuachia wewe na mama yako ulimi wangu. Mara zote mbili nilikuwa mkubwa wa nyumba. Basi sasa imetosha, na mimi nalisema neno lako.

Leo baada ya adhuhuri nilivaa koti nikapanda Nyamirambo, kwenye nyumba waliyofikia wageni wetu. Nilimwomba Yusufu na ami yake tukae ndani, peke yetu. Nikawaambia yote. Koo, kimeo, magoti, mlango, sindano ya kila mwezi, mimba na daktari. Sikumlaumu mtu. Niliwaambia kwamba siku ya nikaha niliulizwa nikazunguka, na kwamba ninaomba radhi, na kwamba kama wanaona nimewauzia kitambaa kilichotoboka wana haki ya kukirudisha.

Ami yake alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisema, "Mzee, ulikuwa mbele ya Mungu." Nikasema nilikuwa. Akasema watazungumza wenyewe, watanipa jibu.

Yusufu alinyanyuka pamoja nami. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama, akaokota jiwe akalitupa, kama mtoto. Kisha akaniuliza kitu kimoja, "Mzee, kwa nini yeye hakuniambia?" Nikamwambia, "Anakuogopa." Akasema, "Miye? Aniogope miye?" Akarudi ndani. Hakuniaga, na sikujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Nimekueleza kila alichofanya kwa sababu najua utaniuliza, na zaidi ya hapo sina.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho asubuhi sijui kama gari litakuja. Nimekaa hapa dukani tangu saa tisa na jibu halijaletwa. Mama yako hajui, shangazi zako hawajui, wanamenya ndizi za watu ambao huenda hawatakuja kuzila. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla hujaamka, uwe wa kwanza kujua, kabla ya mtu yeyote hapa uani. Hilo tu ndilo nililoweza kukupa.

Nimemwendea pia Mama Konsolata. Kesho ni siku yake ya mapumziko, lakini atakuja asubuhi na mkoba wake, atapitia mlango wa nyuma. Gari lije lisije, atakuja. Ameniandikia jina la dawa kwa ajili ya hospitali ya kule, na kama unabaki hapa utaendelea naye. Atakukuta na nguo za harusi au atakukuta na kanga, kwake ni mamoja, na kwangu pia.

Gari likija, panda, ukae mbele penye hewa. Msitu wa njiani una baridi, jifunike kifua. Yusufu akikuuliza kitu, mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba umekasirika.

Na lisipokuja, nitakuwa chumbani kwangu na mlango sitaufunga. Usimwendee mama yako, yeye hakufanya kitu. Njoo kwangu. Najua utakuwa na mengi ya kunitukana nayo, na ninastahili kuyasikia yote, sitakukatiza. Simama mlangoni unipigie kelele kadiri unavyoweza, na pumzi zikikukata, kaa kitandani kwangu, pumzika, kisha uendelee.

Baba yako